Kisa cha Bwana Pojo: tulivyoilaumu hoteli ya mboga kwa ugonjwa usiokuwa wake

Kabla sijaanza

Kisa hiki kilitokea kwenye chuo kimoja hapa Mombasa, na mimi nilikuwa upande wa washauri rika, yaani wale wanafunzi tunaofunzwa siku chache halafu twawekwa ofisini kuskiza wenzetu. Kijana mwenyewe wa kisa hiki amesoma na amekubali, mama wa hoteli pia. Kozi, mwaka, kijiji na vitu vingine vidogo vidogo nimevibadilisha, kwa hivyo ukidhani wamjua pengine siye. Jina la Bwana Pojo nimelibuni mimi, ingawa lile la utani walilompa hosteli halikuwa mbali sana na hilo. Naandika kwa washauri rika wapya na wasimamizi wa hosteli, manake kila muhula naona tunarudia kosa lile lile kwa sura nyingine.

Hoteli yenyewe

Ukiskia hoteli ya mboga kampasini usifikirie meza za vioo. Ni banda la mabati lenye mabenchi manne chini ya mwembe, nyuma ya karakana, linaloendeshwa na mama mmoja na bintiye. Hakuna nyama, hakuna samaki, hata yai hupati. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi kwa pojo (wengine huziita ndengu au choroko) au maharagwe na mchicha, jioni viazi karai, bhajia na ile chatne ya ukwaju ambayo watu hurudi na kikombe kuomba ya bure.

Watu wengi hudhani mama huyu ana imani fulani kuhusu nyama. Hana. Alipoanza alikuwa anapika kila kitu, friji ikaharibika, na joto letu hili mwalijua, nyama ya asubuhi ikifika saa tisa ishaanza kusema. Akapata hasara wiki mbili mfululizo akasema basi, atapika vitu ambavyo haviozi akiwa amelala. Pojo hazitaki friji, mbaazi hazitaki, nazi haitaki mpaka uivunje, na yeye huvunja alfajiri akakaa kwenye mbuzi akakuna za siku ile tu. Ile karatasi ya "hapa ni mboga pekee" aliibandika kwa sababu watu walikuwa wanamsumbua kuuliza kuku.

Kilichofuata hakukipanga. Waislamu wakawa wanakula bila kuuliza nani kachinja, Wasabato wakaja, wanafunzi wa Kihindi waliokuwa wanabeba chakula kutoka nyumbani wakaja pia, na kwa ajili ya mmoja wao ambaye ni Mjain mama akatenga sufuria moja ndogo ya pojo isiyotiwa kitunguu wala thomu, manake dini yao haiwaruhusu kula vitu vya mizizi. Ukipita saa saba utakuta benchi moja lina watu ambao sehemu nyingine yoyote mjini wasingekula chungu kimoja. Hili nalitaja sasa kwa sababu baadaye litakuwa na kazi.

Bwana Pojo ni nani

Kijana wa mwaka wa pili, kutoka kijiji cha wavuvi huko kusini. Babake mvuvi, ami zake wavuvi, mamake hukaanga samaki na kuuza. Mwaka wa kwanza alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi na kuja na ndoo ya ng'onda, samaki wakavu, ambayo chumba kizima cha hosteli kilikuwa kinanuka, wenzake wakilalamika huku wakila.

Mwaka wa pili ulipoanza akahamia kwa mama wa pojo kabisa kabisa. Asubuhi, mchana, jioni, na Jumamosi hoteli ikiwa imefungwa saa nane utamkuta pale pale benchini anasoma. Alikuwa anasaidia kuchagua mawe kwenye pojo bila kuombwa. Wenzake wakaanza kumcheka ati amelishwa limbwata, wengine wakasema anamtaka yule binti (binti ana mchumba Changamwe, na jamaa alijua). Yeye alikuwa anajibu tu chakula ni kitamu. Na ni kitamu, sitadanganya.

Mambo yalivyokwenda

Mwezi wa tatu wa muhula mwenzake wa chumba alikuja ofisini kwetu. Alisema jamaa amebadilika, analala sana, akipanda ngazi kufika ghorofa ya tatu anasimama mara mbili kupumua kama mzee, CAT mbili, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, amefeli na yeye si mtu wa kufeli. Alafu akaongeza, kama kwamba ndo sababu, "na hali kitu kingine ila pojo."

Wiki ile ile mamake akapiga simu. Namba yetu alipewa na huyo mwenzake. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, na baada ya hapo nilikuwa naskiza tu. Mtoto amekwenda nyumbani, amepikiwa changu wa kupaka, amekataa. Akaletewa pweza, amekataa. Amekula wali mkavu na mchicha kwenye nyumba ambayo samaki ndo karo yake. Babake hakusema neno, aliinuka akatoka nje. Mama akaniuliza, mwanangu, huko chuoni kuna nini, kuna dini mpya, au ni kitu amewekewa? Yeye mwenyewe alishaamua ni pepo, manake mapepo mengine huja na miko yao, hawataki samaki fulani, na kuna shangazi wa yule kijana aliwahi kupata hivyo hivyo.

Nikamwambia tutaliangalia. Nilikuwa na mtihani siku ya pili na kichwani nilishamaliza kesi: kijana anakula vibaya, anadaiwa, ile hoteli imemshika. Tulipomuuliza mama wa hoteli akatuonyesha daftari, deni lilikuwa shilingi 3,400. Mkopo wa masomo ulikuwa umechelewa kwa wengi muhula ule, lakini sisi tuliona ile namba tu.

Uamuzi wa kwanza, na kwa nini tuliufanya

Tulikaa watatu: mimi, mshauri rika mwenzangu na kiongozi wa wanafunzi anayeshughulikia maslahi. Tukakubaliana tumwombe mama apunguze kumkopesha, ampe mlo mmoja kwa siku, ili alazimike kula kwingine apate nyama na samaki. Wakati ule ilionekana busara. Mama mzazi alikuwa na wasiwasi na sisi tulitaka tuonekane tumefanya kitu kabla ya wikendi. Deni lilitutisha. Na hakuna kati yetu aliyemwita kijana mwenyewe kwanza, kwa sababu mwenzake wa chumba alituomba asijulikane kuwa ndiye aliyesema, nasi tukaona njia rahisi ni kupitia jikoni.

Kitu ambacho hatukukifikiria hata kidogo ni kwamba yule kiongozi wa maslahi alikuwa anakaa kwenye kamati inayopendekeza nani apewe nafasi za biashara kampasini mwaka ukiisha. Sisi tulidhani tunamwomba. Mama aliskia amri. Hakupunguza, alikata kabisa, na alimwambia kijana mchana kweupe kwenye foleni, "mwanangu, ofisi imesema nisikukopeshe tena, usinione mbaya." Baadaye nilimuuliza mbona hivyo mbele za watu, akanijibu foleni ilikuwa ndefu na alikuwa anaogopa binti yake atasahau akampa. Akaongeza, "Mimi nauza pojo, siuzi uchawi. Nyinyi mlikuja na daftari na kalamu mkaandika, ningefanyaje?"

Siku nne

Bwana Pojo hakurudi pale siku nne. Hakula samaki wala nyama kama tulivyopanga sisi wataalamu. Alikuwa anakunywa chai ya rangi kali chumbani na muhogo wa kuchoma wa barabarani, pesa ikipatikana. Mwenzake wa chumba alikuwa amekwenda kwao.

Aliyegundua ni yule kijana wa Kijain. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana, walikuwa watu wa benchi moja tu, lakini siku ya tatu aliuliza yule wa kona yuko wapi, ya nne akachukua chakula kwenye ile sufuria yake isiyo na kitunguu akapanda nacho hosteli. Walikuwa wanashuka pamoja ngazini Bwana Pojo alipoanguka. Hakuumia sana, akakwaruzika kiwiko, lakini alizimia sekunde kadhaa na huyo mwenzake akamtia kwenye tuktuk mpaka kliniki.

Simu iliponifikia nilijua nimefanya nini. Si raha kuandika hii sehemu.

Kliniki iliona nini

Daktari (afisa wa kliniki kwa cheo, lakini sote twamwita daktari) alimpima kiwango cha damu kikatoka 8.6. Mwanaume mzima anafaa awe 13 kwenda juu. Nami pale pale nikasema, kwa sauti, ni zile pojo. Daktari akanitazama kwa upole ule unaoudhi. Akasema mwanaume wa miaka 20 hapungukiwi na damu mpaka hapo kwa kula maharagwe miezi mitano, lazima kuna mahali damu inakwenda. Akaomba choo kipimwe.

Ilikuwa safura. Wale minyoo wanaoshika ukuta wa utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, na huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu ukitembea pekupeku kwenye udongo wenye mabuu yao. Likizo nzima jamaa alikuwa shambani kwa bibi yake akilima bila viatu, na aliwahi kuwashwa vidoleni akadhani ni nyasi. Pwani hii jambo la kawaida, bibi zetu walikuwa na jina lake kabla ya kliniki kujengwa, lakini hakuna aliyelifikiria kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye sahani.

Sahani haikuwa safi kabisa nayo, tuseme ukweli. Chuma kilicho kwenye mboga na nafaka mwili hukichukua kwa shida kuliko cha nyama, na chai kali ukiinywa pamoja na chakula inazuia hata hicho kidogo. Bwana Pojo alikuwa mtu wa chai kila mlo, vikombe viwili. Daktari akamwambia chai asogeze mpaka saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye pojo akamulie ndimu, manake ndimu inasaidia kile chuma kuingia. Kuhusu ile vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mimea, alisema akiba iliyoko kwenye ini huchukua miaka kuisha, kwa hivyo miezi mitano bado, ila akitaka kuishi hivi moja kwa moja lazima apange, maziwa au vidonge. Akapewa dawa ya minyoo, albendazole, dozi moja na vidonge vya chuma vya miezi kadhaa.

Na samaki je?

Hili swali ni daktari aliyeuliza, sisi tulikuwa tumekaa na kesi wiki mbili bila kuliuliza. Kwa nini uliacha samaki? Jamaa akanyamaza, alafu akaomba mimi nitoke. Aliniambia mwenyewe baadaye, na amesema niandike.

Mwisho wa mwaka wa kwanza alinunua jodari wa kukaanga barabarani usiku. Hata nusu saa haikuisha, uso ukawa unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio mpaka alidhani anakufa. Asubuhi kumeisha. Hakumwambia mtu. Mtoto wa mvuvi aseme nini, ati samaki wananikataa? Nyumbani wangesema ni pepo, na kumbe walisema hivyo hivyo. Alijaribu tena wiki moja baadaye kuonja tonge la kibua, moyo ukaanza kwenda mbio hata kabla hajameza, kwa hofu tu. Basi akaacha. Nyama hakuwa na pesa yake. Ikabaki ile hoteli ambayo alijua kabisa sufuria zake hazijawahi kuguswa na samaki, na hakuna atakayemuuliza mbona huli. Pale kutokula samaki halikuwa jambo la kuelezea, kila mtu alikuwa hali.

Daktari alimweleza kwamba inavyoonekana lile halikuwa mwili wake kukataa samaki. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto bila barafu kuna bakteria wanaotengeneza histamini ndani ya nyama, na ikishakuwa humo hata ukaange mpaka iwe mkaa haiondoki. Anayekula anapata dalili kama za mzio, kwa saa chache, kisha zinaisha. Hata hivyo hakumwambia aende akale. Alimwambia akitaka kujaribu aje pale, mchana, kidogo, samaki aliyevuliwa siku ile.

Matokeo

Baada ya wiki nane damu ilikuwa 12.1. Ngazi anapanda bila kusimama. CAT moja aliruhusiwa kurudia, nyingine hakuruhusiwa, na somo lile alilipita kwa alama za kuvukia tu.

Samaki alijaribu mara moja, changu, kliniki, akiwa amekaa na daktari. Hakikutokea kitu. Nyumbani siku hizi anakula kipande ili babake asitoke nje. Chuoni bado ni pojo mara tatu kwa siku. Tulimuuliza kama anataka msaada wa kupunguza hilo, akashangaa, apunguze nini?

Kwa mama wa hoteli tulikwenda wote watatu kuomba radhi na kumwambia nafasi yake haihusiani na sisi. Kiongozi wa maslahi alitaka ofisi ilipe lile deni, mama akakataa, akasema deni ni la mwanawe na atalipa mkopo ukitoka. Ulitoka, akalipa, wiki ile ile akaanza jipya.

Mamake kijana yeye anajua kilichomponya ni kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Wiki ambayo mwanawe alimeza ile albendazole ndiyo wiki mwalimu wa kijijini alimwandikia kombe akaliosha kwenye sahani akaletewa kwa chupa, akanywa. Daktari alipoambiwa akauliza tu kama maji yalichemshwa.

Tulipopatia na tulipokosea

Kilichofanya kazi ni vichache, na karibu vyote havikuwa vyetu. Kijana wa benchi kuhesabu siku. Daktari kutokubali jibu la kwanza. Sisi labda sifa moja, kwamba baada ya kuanguka hatukujificha, tulimwambia Bwana Pojo wazi amri ya jikoni ilitoka kwetu. Alikasirika, hakuongea na mimi karibu mwezi, na bado nadhani kumwambia kulikuwa sawa, manake asingeweza kurudi pale akidhani mama ndiye aliyemtupa.

Kosa kubwa ninalolirudia kichwani ni kwamba tulichukua kitu kinachoonekana tukakifanya ugonjwa. Mapenzi yake kwa ile hoteli yalikuwa ya kuchekesha, kila mtu alikuwa na utani juu yake, kwa hivyo alipoanza kudhoofika tayari tulikuwa na mshukiwa. Angekuwa anakula kuku na chipsi kila siku kwenye kibanda cha nje, akadhoofika vile vile, nina hakika tungempeleka kliniki siku ya kwanza. Nimejaribu kujiuliza kama kungekuwa na njia ya kujua safura mapema bila kuwa daktari. Ngazi. Mwenzake alitutajia ngazi dakika ya kwanza. Mtu wa miaka 20 anayesimama mara mbili kupumua ni wa kupelekwa kliniki leo leo, maswali ya chakula yatafuata.

La pili ni kukata kitu bila kujua kimeshika nini. Tuliona daftari la deni tukaona mtego. Kwake lile daftari ndo lilikuwa hakika ya kula hadi mkopo utoke, na lile benchi ndo mahali pekee alipokuwa halazimiki kueleza tumbo lake. Tungemuuliza hata swali moja tu, unapenda nini pale, pengine asingetaja jodari siku ile, lakini angesema kitu. Siku hizi kwenye ofisi yetu hakuna anayeongea na mwenye biashara, mwalimu wala mzazi kabla mwanafunzi mwenyewe hajajua. Na kiongozi yeyote aliye kwenye kamati ya nafasi za biashara haingii kwenye mazungumzo na wenye vibanda.

Ninalolitilia shaka bado ni ile simu ya mamake. Nilimwahidi tutaliangalia, alafu sikumpigia tena mpaka mtoto ameshatoka kliniki, na nilipompigia nilimweleza minyoo, sikumweleza jodari, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajamwambia. Mwenzangu ofisini anaona nilifanya sawa kutunza siri. Mimi naona siku zile mama alikaa na pepo peke yake.

Nilipomsomea mama wa hoteli haya kabla ya kuyatoa, aliskiza mpaka mwisho huku akikuna nazi. Akataka nirekebishe kitu kimoja, nilikuwa nimeandika mbaazi zake zilikuwa 50 siku hizo, akasema hapana, zilikuwa 40, 50 ni baada ya nazi kupanda. Nimeifuta ile sentensi yote.